Paja la Bibi Nakijwa

Mashine ya kunikamata mimi bado haijazaliwa, na mama yake bado hajaposwa. Sisemi kwa majivuno, nasema kama mtu anavyosema kwamba maziwa ni meupe. Shuleni niliizoesha mashine ya mahudhurio kukubali uso wangu uliochorwa kwenye ndizi mbivu. Ndizi ikahudhuria hesabu muhula mzima na ikafaulu kunizidi. Kwa hiyo Kituo cha Viungo kilipomrudisha bibi yangu huku juu Upareni akiwa na goti jipya na soksi inayosema, sikuwa na shaka ni nani atakayemwongoza mwenzake.

"Mguu nyoosha, Bibi," alisema Dada Kalunde siku ile ya kwanza. Dada Kalunde ni mtaalamu wa viungo aliyeletwa na Kituo kutoka Tabora, akapanga chumba kijijini kwetu. Ana mikono mikubwa na sauti ndogo. "Sasa kaza paja, kama unataka kulibandika goti kwenye godoro."

Bibi alikunja uso mpaka macho yakapotea. Paja halikufanya kitu.

"Nimekaza."

"Umekaza meno, Bibi."

"Na wewe ungekatwa goti ukawekewa la dukani, ungekaza nini?"

Dada Kalunde alicheka, akaweka kiganja juu ya goti, pale kovu linapoanzia. "Paja halikukatwa, lakini limeogopa. Daktari akilifungua goti, ubongo unalizima paja lisije likavuta kidonda. Baadaye kidonda kinapona, goti linakuwa zima, ila ubongo umesahau kuliwasha paja. Na msuli ukikaa bure unasinyaa."

"Yaani limegoma."

"Limelala."

"Paja la Mpare halilali mchana," alisema Bibi, akaniangalia mimi nicheke, nikacheka.

Ndipo Dada Kalunde akatoa soksi. Usidhani ni soksi ya mguuni. Ni wavu mweusi unaovaliwa pajani, kuanzia juu ya goti hadi karibu na nyonga, na ndani yake nyuzi zimepishana kama jamvi. Nyuzi hizo zinapeleka umeme mdogo unaoliamsha paja likaze na kulegea, kaza na legea, mpaka ubongo ukumbuke. Halafu soksi inapima nguvu na kuliambia goti, na kioo ambacho Kituo kimekitundika ukutani kinawaka chekundu paja likilala, kijani likikaza. Goti lenyewe lina akili zake, ndiyo maana tunaliita goti janja. Paja likiwa dhaifu, goti linampa mgonjwa daraja la tambarare: akijaribu kukanyaga mteremko, linajifunga na kunyooka kama mpini wa jembe. Paja likipata nguvu, anapewa daraja la ngazi. Likikomaa kabisa, anapewa daraja la mlima, goti linamwachia, na anakwenda anakotaka.

"Ni kwa usalama wako," alisema Dada Kalunde.

Bibi alitazama nje. Sehemu pekee iliyo tambarare kwetu ni uwanja wa nyumba, na huo nao babu aliupata kwa kumwaga kifusi. Ukitoka hapo ni kupanda au kuporomoka.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mmenifunga kwenye uwanja kama mbuzi wa kafara."

*

Angekuwa mtu mwingine, angekaa uwanjani apunge upepo. Lakini bibi yangu ndiye mshika kizibo wa ndiva.

Ndiva ni bwawa la udongo lililochimbwa na watu wa zamani mgongoni mwa mlima. Usiku linajaa, asubuhi mtu anavuta gogo lililoziba tundu, maji yanashuka mferejini hadi mashambani. Gogo hata mimi naweza kulivuta. Kazi iko kwenye kusema leo maji yanaanza kwa nani, ukiwaambia watu ambao wote ni ndugu zako na wote wana mahindi yanayonyauka. Bibi ameifanya tangu mama yangu hajazaliwa. Mwaka wa ukame alimpa maji ya kwanza mjane aliyekuwa hata hasalimiani naye, na shamba lake mwenyewe likaungua. Hakueleza kwa nini, na hakuna aliyeuliza.

Mwaka huu mwenyekiti wa mfereji, Mzee Mchomvu, alirudi kutoka mjini na wazo. Tuondoe gogo, tuweke kizibo cha mashine. Kitapima udongo wa kila shamba na kugawa maji chenyewe.

"Hakitampendelea mtu," alisema, akiwa amekaa barazani kwetu na bakuli la makande.

"Wala hakitamhurumia mtu," alisema Bibi.

"Basi tutaamua siku ya msaragambo, mama. Kama utakuwepo."

Alisema kwa upole, lakini mkuki ni mkuki hata ukivikwa kitambaa. Msaragambo ni ile kazi ya kijiji kizima: baragumu linalia asubuhi, kila mwenye miguu anapanda kuzoa tope lililojaa ndani ya ndiva. Na sheria yake haijaandikwa popote ila kila mtoto anaijua. Asiyekanyaga tope siku hiyo hana neno juu ya maji mpaka mwaka mwingine. Anayebebwa hahesabiwi. Aliwahi kuja mzee mmoja mgongoni mwa mwanawe, wakamshukuru, wakamrudisha.

Mchomvu alipoondoka, Bibi alilipiga paja lake kofi. "Umesikia, mvivu wewe? Amka."

*

Sasa nieleze jinsi nilivyoingia humu, maana mimi ni mtu wa huruma na watu hawanijui.

Ilianza kama mzaha. Bibi alikuwa akilivua lile lidude kila baada ya chakula cha mchana kwa sababu, alisema, linatembea mwilini kama siafu. Alikuwa amesinzia kitini. Nikalivaa mimi, nione hao siafu. Soksi inaitambua kazi yake kwa kuwa karibu na goti, basi nilikaa chini, nikaegemea kiti chake, mguu wangu wa kulia sambamba na wake. Siafu wakaja. Paja langu likaanza kucheza peke yake kama mbuzi aliyeona mvua. Nikakaza nalo, nikashindana nalo, mimi winga wa timu ya kijiji, mpaka likaisha pumzi.

Bibi alipoamka, kioo cha ukutani kilikuwa kimewaka kijani. Kilikuwa hakijawahi. Kikasema kwa sauti yake ya kike ya mjini: "Hongera, Bibi Nakijwa. Paja lako linaendelea vizuri sana."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni mimi. Naapa. Lakini Bibi alishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kucheza akiwa amekaa, mabega tu, akiimba wimbo wa harusi ambao maneno yake siwezi kuyaweka hapa. Sikuwa nimemwona akicheza tangu babu afe. Niambie wewe: ungeusimamisha ule wimbo ili useme nini?

Kesho yake alisema, "Kama linapanda hivi bila shida, mchana nitalala. Siafu hao wakatafute mzinga mwingine."

Na hapo ndipo nilipoona shimo, nikalirukia. Nisipovaa, kioo kitarudi kuwa chekundu, na Bibi atajua. Basi kila mchana alilala, na mimi nikavaa. Kaza, legea. Kioo kikampongeza. Jioni alikuwa akinyanyua mguu wake kitandani mara chache kwa moyo mmoja, akidhani anaongezea chumvi kwenye chakula kilichoiva, kumbe ndicho chakula chenyewe.

Paja langu, kwa upande wake, lilikuwa likila umeme wa mtu mwingine na kunenepa. Suruali ilinibana mguu mmoja. Uwanjani nikipiga mpira kwa kulia unaelekea mpakani, na wenzangu wananiuliza kama nina ndugu Kenya.

*

Dada Kalunde alikuja kumpa daraja. Alisoma kioo, akakunja midomo, akasoma tena. Halafu akafanya jambo ambalo Kituo hakimlipi kulifanya: alipiga magoti, akashika paja la Bibi kwa mkono wake.

"Kaza, Bibi."

Bibi akakaza.

"Bado hujakaza."

"Nimekaza, mwanangu. Hili paja linatoka jasho."

Dada Kalunde alinyanyua macho akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya meza, kutoka kiunoni kushuka sionekani.

"Kajiru, kioo kinasema paja hili linaweza kupanda mlima na gunia la viazi. Mkono wangu unasema ni laini kama uji uliopoa. Kuna kitu unakijua?"

"Labda mkono wako umechoka, Dada. Umeshika mapaja mengi wiki hii."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Dada Kalunde hakucheka.

"Kituo kinahesabu wastani wa vikao vyote," alisema, "kwa sababu mgonjwa akimwona mtaalamu hujikakamua, au huogopa. Mkono wangu hauna mahali pa kujaza kwenye fomu zao. Kioo kikishasema mlima, mimi sina ruhusa ya kusema vingine, mpaka nipate sababu." Aliendelea kunitazama. "Ukipewa daraja la mlima, Bibi, goti linaacha kukushika. Linaliamini paja. Kama paja halipo, utakuwa umesimama juu ya bawaba."

"Nimekusikia," alisema Bibi. "Lakini mimi nilifungiwa hapa na hicho kioo, si na mkono wako. Sasa kioo chenyewe kimenifungulia mlango, unataka niketi?"

Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema. Lilikuwa fupi, na mlango ulikuwa wazi. Lakini baragumu lilikuwa limebakiza siku chache kulia, na nilimwona Bibi amekaa na kidevu juu, kama siku zile alipokuwa akivuta gogo. Nikasema, "Dada Kalunde, karibu makande."

*

Baragumu lililia kabla umande haujakauka. Bibi alifunga kanga mbili, akashika fimbo, akavaa soksi yake chini ya gauni, akatoka. Alipofika ukingo wa uwanja alisimama. Hapo goti lilikuwa likijifunga kila siku. Akaweka mguu kwenye mteremko. Goti likakunjika vizuri, kimya kimya.

"Umeona?" alisema. Macho yalikuwa yamejaa maji, lakini usimwambie.

Tulipanda. Wengine walikuwa wameshatangulia. Mlimani tulikuwa sisi wawili. Mwanzoni alikuwa akinisimulia ni nani alioa nani katika kila nyumba tuliyopita na walivyojuta. Kisha masimulizi yakawa mafupi. Kisha yakabaki majina. Nilikuwa nyuma yake, na niliona ncha ya gauni inatetemeka upande wa kulia, kama majani ya mgomba ambapo hakuna upepo.

"Bibi, tupumzike."

"Nimepumzika uwanjani miezi yote hii."

"Basi tuseme tu kwamba... namba zinaweza kukosea."

Hakugeuka. "Ziliponifunga ulisema ni upuuzi. Leo zimenifungua unasema zinakosea. Mume wangu, chagua moja."

Huwa ananiita mume wangu. Ndiyo utani wa bibi na mjukuu. Siku hiyo uliniuma kama haki.

Nilikuwa na simu mfukoni. Dada Kalunde alikuwa juu kule ndivani, naye amepanga kijijini kwetu, kwa hiyo tope linamhusu. Nikimpigia na kusema ukweli, anayo sababu yake, anashusha daraja, na goti la Bibi linajifunga hapohapo. Atabaki mlimani kama kigingi, hawezi kupanda wala kushuka, na maji yataamuliwa bila yeye, na atakuwa amefungwa tena, safari hii na mimi. Nisipopiga, yuko juu ya bawaba. Mtu mwenye akili angepima mambo hayo mawili. Mimi niliendelea kupanda nikiwa na kidole juu ya simu, na kidole hakikufanya lolote.

Tulifika kwenye ngazi za mawe, zile za mwisho. Dada Kalunde alikuwa amemfundisha: mguu mzima utangulie kupanda, mgonjwa utangulie kushuka. Lakini Bibi alikuwa na hasira na ule mguu. Akatanguliza wa kulia, akauegemea kwa uzito wote, kama mtu anayemwambia mtoto, haya, onyesha kama kweli wewe ni mkubwa.

Goti likakunjika kama kiti cha harusi baada ya wageni kuondoka.

Nilimdaka kwapani. Fimbo ilikwenda zake bondeni. Tulikaa chini wote wawili juu ya jiwe, yeye juu yangu, na nikasikia moyo wake unagonga mgongoni kwake mpaka kifuani kwangu. Nilimpapasa mguu. Hakuna kilichovunjika. Alikuwa anapumua tu.

"Nikubebe," nilisema.

"Ukinibeba nitakuuma, na meno haya ni yangu, si ya Kituo."

"Bibi, paja lako..."

"Limenikimbia. Nimeona." Alitazama juu. Kule kulikuwa na sauti za majembe na mtu anacheka. "Nitageuka. Usinishike."

Akageuka, akaupa mlima mgongo. Akaweka viganja kwenye jiwe la juu, akasukuma kwa mguu wa kushoto, akanyanyua makalio yake, akakaa ngazi iliyofuata. Mguu wa kulia ulikokotwa nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Akapumzika. Akafanya tena. Nilitambaa chini yake na mikono imetangulia kama kipa, bila kumgusa.

*

Ndivani vichwa viligeuka tulipotokea. Kijiji kizima kilikuwa ndani ya tope hadi mapajani, na bibi yangu aliingia kwa kinyumenyume, kanga imechanika, viganja vinavuja damu. Alijisogeza mpaka ukingoni, akazungusha miguu, akaitumbukiza yote miwili. Tope likasema chwaa.

Mzee Mchomvu alijifuta uso. "Mama, huku ni kupanda?"

"Sheria inataka nyayo zikanyage tope. Matako yamefikaje, haikuuliza."

Watu walicheka, na kicheko kikazunguka ukingo wote kikarudi. Mchomvu mwenyewe alicheka. Si mtu mbaya. "Amekanyaga," alisema kwa sauti ya wote kusikia. "Ana neno." Kisha akaegemea koleo lake. "Lakini nikuulize mbele ya watu, Mama Nakijwa. Wewe umepanda mpaka hapa kwa ruhusa ya nani? Si mashine? Ilikupima, ikaona unastahili, ikakuachia. Basi kwa nini unaiamini na mguu wako, unaikataa na maji?"

Bibi alivipangusa viganja vyake damu kwa kanga, kimoja kisha kingine. Niliona wanawake wawili wakitazamana. Nilijua kura inaondoka pale, inashuka mferejini, inakwenda.

"Na wewe Kajiru, umesimama huko kama mgeni rasmi?" Mchomvu alinigeukia, labda kwa kumwonea Bibi huruma. "Ingia. Suruali juu."

Suruali juu ni sheria nyingine. Anayeingia tope na suruali chini anarushiwa tope mpaka akome. Nilisema nina mafua. Nilisema nitashika ndoo. Mtu akanirushia donge likatua shingoni. Nikakunja mguu wa kushoto polepole sana. Nikakunja wa kulia mpaka ilipogoma, maana ilikuwa inabana, nikavuta, mshono ukaachia.

Niliingia haraka, lakini ukingo ule ni wa kina kifupi, tope likanifika magotini tu. Na juu ya magoti yakasimama mapaja mawili ya watu wawili tofauti. La kushoto lilikuwa la mwanafunzi. La kulia lilikuwa limetuna kama mhogo wa Muheza, na kwenye ngozi yake, kuanzia juu ya goti hadi karibu na nyonga, nyuzi za soksi zilikuwa zimechora jamvi.

Dada Kalunde alikuwa hatua chache kutoka pale. Alichomeka jembe lake kwenye tope, akaja. Alifuta mkono kwenye gauni. Akauweka pajani kwangu, palepale anapowashika wagonjwa.

"Kaza," alisema kwa ile sauti ndogo.

Sikukaza, naapa. Lilikaza lenyewe. Lilishazoea.

"Daraja la mlima," alisema Dada Kalunde.

Nilitafuta neno. Mimi, ambaye ndizi yangu ilifaulu hesabu, nilitafuta neno moja la mzaha na sikulipata. Nilimtazama Bibi. Alikuwa analitazama lile jamvi kwenye ngozi yangu, kisha akapandisha gauni lake kidogo, akatazama jamvi la soksi yake mwenyewe, juu ya paja jembamba lililolegea pembeni ya jiwe. Niliona anarudi nyuma, mchana baada ya mchana, mpaka siku ile ya wimbo wa harusi, na usoni mwake kitu kilizimika ambacho hakitawashwa na umeme wa soksi yoyote.

Nilianza kuishusha suruali.

"Iache," alisema.

Nikaiacha. Akainua kidevu, akamgeukia mwenyekiti, na sauti ilikuwa ileile ya asubuhi za gogo.

"Mchomvu, umeniuliza kwa nini siiachii mashine maji ya watoto wangu. Sogea hapa kwa huyu mume wangu, uone paja langu lilipo."